Nilidhani ni Udi Tu



Leo siandiki habari za mitindo wala rangi za vilemba. Naandika habari za paka wangu na kosa nililolifanya mwezi wa Shaaban, nikiwa nimezidiwa na kazi. Wengi wetu hapa visiwani tunaishi na paka, basi huenda likamfaa mtu.

Kazi yangu ni kushona magauni ya harusi. Chumba cha mbele cha nyumba ndiyo duka langu, lina cherehani tatu na meza ya kukatia. Gauni likimalizika nalifukiza udi kabla mwenyewe hajaja kulichukua. Paka wangu, Zuhura, ana tabia yake tangu zamani: makaa yakitiwa udi tu, anapiga chafya. Tatu, nne, kisha anatoka uani. Moshi ukiisha anarudi mzima kulala juu ya vitambaa vyangu. Basi mimi nikajiaminisha kwamba chafya ya Zuhura sababu yake ni udi, hakuna jengine.

Shaaban mnaijua wenyewe, kila mtu anataka harusi ipite kabla ya Ramadhani. Katika pirika hizo nikamwokota kipaka pale sokoni Darajani, mweusi, anaenea kwenye kiganja, macho yamejaa matongo. Nikampangusa, nikasema ni uchafu wa njiani, nikamleta nyumbani nikitaraji thawabu. Kulikuwa na gauni moja jeupe la shanga, na mimi naogopa manyoya. Nikawafungia wote wawili chumba cha nyuma, nikawawekea sahani ya samaki na bakuli la maji.

Siku ya tano Zuhura akaanza chafya. Nikasema, udi huo. Msichana ninayemfundisha kazi akaniambia, "Dada, lakini leo hatujafukiza." Nikamjibu kwamba harufu ya jana bado imo ndani. Sahani nikaikuta imejaa, nikadhani amesusa kwa kufungiwa, maana ana deko. Nikamwaga, nikaweka samaki mwengine. Kesho yake hivyo hivyo.

Siku ya tatu ya chafya, gauni limeshaondoka, ndipo nikaingia nikatazama vizuri. Kipaka amelala hajiwezi, pua imezibwa na kamasi nzito la kijani, anapumua kwa mdomo. Zuhura amejikunyata pembeni, macho yamegandana, mate yanamdondoka. Nikawatia kikapuni nikakimbilia kwa daktari wa mifugo. Kipaka hakufika asubuhi.

Swali la kwanza la daktari lilikuwa hili: "Dada, anakula?" La pili: "Chafya inakoma akitoka nje?" Nikajibu yote mawili nikiwa natazama chini.

Alinieleza kwamba mafua ya paka mara nyingi yanatokana na virusi viwili, hepesivirusi na kalisivirusi za paka. Hivi havituambukizi sisi binadamu, lakini paka kwa paka vinakwenda haraka, kwa chafya, kwa sahani moja, hata kwa mikono yetu. Dalili huja siku chache baada ya kukutana na mgonjwa. Kipaka wangu ndiye aliyekuja nayo, na mimi ndiye niliyewafungia pamoja.

Hivi ndivyo ninavyotofautisha sasa. Chafya ya moshi, manukato, vumbi au mzio ina sababu unayoiona: umefukiza, umepuliza dawa ya mbu, umefagia. Ukimtoa mahali pale inapungua. Majimaji ya puani ni meupe kama maji, na paka anakula na kucheza kama kawaida. Mzio wenyewe kwa paka huonekana zaidi kwenye ngozi: anajikuna, anajilamba mpaka manyoya yanatoka.

Maambukizi hayajali umefukiza au hukufukiza. Chafya inaendelea siku baada ya siku, kamasi linakuwa zito, la manjano au kijani, macho yanatoa matongo, paka anapoa na kujificha. Akidondokwa na mate, huenda ana vidonda kwenye ulimi. Joto usilipime kwa mkono, kwani paka mzima ana nyuzi kama 38 hadi 39, kwa hivyo kila siku utamwona wa moto. Na chafya ikiwa ni ya tundu moja tu la pua, huenda kuna kitu kimekwama ndani au jino bovu. Huyo naye ni wa daktari.

Kubwa kuliko yote, tazama sahani. Paka hula kwa pua, asiposikia harufu hali. Akikaa siku mbili tatu bila ya kula, ini lake linaweza kuharibika, na hilo laweza kumuua kabla ya mafua yenyewe. Usisubiri.

Zuhura alipewa antibaiotiki, maana bakteria walishaingia juu ya virusi. Nyumbani nilimpangusa pua na macho kwa maji ya vuguvugu, nikamkalisha chooni kwenye mvuke wa maji moto, nikampashia samaki moto ili harufu imfikie. Alipona baada ya wiki mbili, alhamdulillah. Nawasihi, msimpe paka Panadol hata kipande, ni sumu kwake. Na paka mgeni akae chumba chake, na sahani yake, wiki mbili kwanza.

Biharusi unayehamia kwako na paka wako, jua pia hili: hepesivirusi hubaki mwilini hata paka akipona, na huamka akipata mshituko. Akianza chafya wiki ya kwanza nyumba mpya, usilaumu udi wa fungate peke yake.

Tangu wadogo chuoni tumesoma hadithi ya mwanamke aliyemfungia paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Siku zote nilidhani hainihusu, mimi chakula naweka. Siku ile nimemzika kipaka chini ya mlimau uani, nikaona kwamba niliweka chakula siku tatu bila ya kuuliza nani anakila.

Siku hizi Zuhura hafungiwi. Magauni ndiyo yanayofungiwa, kwenye kabati. Na kila asubuhi, kabla sijafungua cherehani, naangalia sahani kwanza.

Allah atusamehe tulipoghafilika. Wassalaam.