Nani Anajua Unalala Wapi?

Kuna neno ninalisikia sana hapa Bwaise, hasa kwa vijana: kama hujaiba, unaficha nini kwenye simu? Siye tuliokimbia tunalo jibu. Tunaficha mahali tunapolala. Mtu anaweza kuwa hajamkosea yeyote na bado anatafutwa: na mwenye bunduki, na mume aliyempiga miaka nenda rudi, na ndugu wa baba wanaogombea shamba kule Masisi.

Ninafanya kazi kwenye kibanda cha kuchapa na kutoa fotokopi, si mbali na barabara ya Bombo. Wateja wengi ni Wakongo wenzangu, Warundi pia wapo. Wanatafuta kwenye Google dawa ya ugonjwa wasiotaka utajwe, habari za kijiji, majina ya ndugu waliopotea. Wakimaliza wanalipa, wanaondoka, na kompyuta inabaki inakumbuka. Ukiandika herufi mbili tu inakumalizia neno la mwenzako. Barua pepe ya mtu iko wazi, mwenyewe kashapanda boda.

Kila jioni ninafuta. Lakini si kila kibanda kina mtu wa kufuta. Kwa hiyo nawaambia: fungua dirisha la faragha kabla hujaandika neno la kwanza, na funga akaunti yako mwenyewe kabla hujainuka. Dirisha hilo halikufichi kwa mwenye mtandao, linakuficha kwa yule atakayekaa kwenye kiti baada yako. Na si unajua, mtaani kwetu huyo ndiye anayekufahamu.

Kuna dada mmoja, ananiitaga yaya kama tunavyoita wakubwa kwetu. Alimkimbia mumewe na watoto watatu. Hakuwa na Facebook, picha yake haikuwa popote. Siku moja mtoto wake alitimiza miaka mitano, mwanakwaya mwenzake akapiga picha mlangoni, akaitupa kwenye grupu la kwaya na pongezi na namba ya mama ili watu watume zawadi. Nyuma ya watoto kulikuwa na kibao cha duka, kinasomeka vizuri. Grupu lile lina watu wa Kampala, Nakivale, Goma na Nairobi. Baada ya siku nne akapata ujumbe kutoka namba asiyoijua: watoto wamekua, na Bwaise naona kunapendeza.

Alihama usiku. Kodi ya miezi miwili aliyokwisha lipa ikabaki kwa mwenye nyumba.

Nimelifikiria sana jambo hilo kwa sababu hakuna aliyevunja kufuli. WhatsApp inafunga ujumbe njiani tangu 2016, hata kampuni yenyewe haiusomi. Lakini kufuli hilo linamzuia aliye nje. Aliye ndani ya grupu anaona picha, anaona namba, anaipeleka anakotaka. Na namba si kitu kidogo: mtu akianza tu kukutumia pesa kwa simu, jina la aliyesajiliwa linamtokea kabla hata hajathibitisha.

Wengine wananiambia, mimi nina VPN, sina wasiwasi. Neno hilo tulilijua mwaka 2018, serikali ilipoweka kodi ya shilingi 200 kwa siku kwenye mitandao ya kijamii, na Facebook ilipofungwa Januari 2021 tukaendelea nayo. Ni kitu kizuri. Inaificha safari yako kwa kampuni ya simu, ila mwenye VPN anaweza kuiona, na ile ya bure lazima kuna mahali inapata pesa yake. Tena haimzuii jirani kupiga picha.

Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha ya mwaka 2019, inayotaka mtu aombwe ridhaa kabla taarifa zake hazijakusanywa. Maofisi yanaweza kushtakiwa kwayo. Lakini kwenye kwaya, msibani, kwenye kikoba, nani atamshtaki mama mwenzake? Pale ridhaa tunaombana wenyewe. Kabla hujatupa picha, uliza: wote waliomo wamekubali? Nyuma kunaonekana nini? Mtu akikuomba namba ya mwenzako, usimpe. Chukua yake, umpelekee mwenzako, aamue mwenyewe kama atapiga.

Unaweza kuzima kila kitu kwenye simu yako na bado siri yako ikawa mikononi mwa watu mia mbili wanaokupenda. Hao ndio wa kuzungumza nao kwanza.

Yule dada sasa ana laini mpya. Namba yake wanayo watu sita. Mimi si mmoja wao, na sijaiomba. Akihitaji kuchapa barua, anajua kibanda kilipo.