Nyanchwa na Gharama za Uwanja wa Mpira

Mtu akitoka soko la Kisii na kushika njia ya kupanda Nyanchwa, mwendo wake si mrefu. Nyanchwa ni kilima kilicho kando ya mji, na jina lake limejulikana katika nchi ya Wagusii tangu kabla ya vita vya 1914, wakati wamisionari wa Waadventista Wasabato walipojenga kituo chao hapo. Kanisa lipo, na shule zipo. Migomba imesimama baina ya nyumba, na mvua hunyesha karibu kila mwezi wa mwaka.

Katika mji huo ndipo ulipo Uwanja wa Gusii. Ulitengenezwa upya kwa ajili ya Sikukuu ya Mashujaa ya tarehe 20 Oktoba 2020, iliyoadhimishwa hapo kwa ajili ya Kenya nzima. Ndio nyumbani kwa Shabana, timu ambayo wapenzi wake huishangilia kwa maneno ya Kigusii, "Tore Bobe". Mgeni akiona watu walivyojaa siku ya mchezo hudhani kwamba klabu ile ni tajiri. Sivyo.

Shabana ilianzishwa mwaka 1980, na jina lake lilitoka katika duka la vifaa vya ujenzi la mjini Kisii. Maana yake ni kwamba timu ilizaliwa katika mfuko wa mfanyabiashara. Jambo hilo lilikuwa jema, lakini mfuko wa mtu mmoja una mwisho wake. Mwaka 2006 timu ilishuka kutoka ligi kuu, na ilikaa nje miaka 17, hata iliporudi mwaka 2023.

Na tufanye hesabu kama afanyavyo karani. Mchezo wa nyumbani huwa mara moja katika majuma mawili hivi, na siku hiyo pekee ndiyo ya kiingilio. Lakini mchezaji hula kila siku, na mshahara wake hudaiwa kila mwezi. Timu ikienda kucheza Mombasa, ni lazima ilipe nauli, malazi na chakula cha watu wengi kwa safari ya kuvuka nchi, kisha irudi bila senti ya mlangoni. Uwanja nao haulali. Katika nchi ya mvua kama Kisii majani huota upesi na yataka kukatwa. Pasipo na mifereji mizuri, maji hutuama na uwanja hugeuka tope. Mlinzi, maji na taa havingoji siku ya mchezo.

Tena kuna jambo la Nyanchwa yenyewe. Mchezo ukiwekwa Jumamosi, Waadventista wengi wamo kanisani, kwa maana ndiyo Sabato yao. Hakuna awezaye kuwalaumu. Lakini mweka hazina wa klabu ni lazima ajue kwamba Jumamosi na Jumapili si sawa mlangoni.

Klabu nyingine zina baba. Bandari ya Mombasa ina mamlaka ya bandari, na KCB ina benki. Klabu za wananchi, kama Gor Mahia, AFC Leopards na Shabana, hutegemea wapenzi na wafadhili. Mwaka 2019 kampuni ya SportPesa iliacha kufadhili michezo ya Kenya kwa sababu ya ugomvi wa kodi, na Gor Mahia na Leopards zikaingia katika dhiki. Anayeegemea ukuta wa mwenziwe hana budi kuanguka ukuta ukiondolewa.

Taabu hii si ya mpira wa miguu peke yake. Huko Nairobi, Gymkhana ni klabu ya kriketi ya wanachama. Katika Kombe la Dunia la 2003 michezo miwili iliwekwa hapo. Timu ya New Zealand ikakataa kuja kwa hofu ya usalama. Siku ile hapakuwa na mchezo wa kuuzia tiketi, ingawa uwanja ulikuwa umekwisha kutayarishwa. Katika Uingereza, klabu ya Durham ilikuwa bingwa wa kriketi mwaka 2008, 2009 na 2013, nayo ilikuwa na uwanja mzuri wa kupokea mataifa. Hata hivyo madeni yaliizidi. Mwaka 2016 ilisaidiwa na halmashauri ya kriketi kwa pauni milioni 3.8, lakini ikateremshwa daraja la pili na kunyang'anywa pointi 48. Vikombe havikulipa deni.

Basi, wasomaji, ni nini kifanyike kwa uwanja kama ule wa Kisii? Kwanza, ufanye kazi siku zote: michezo ya shule, mikutano, maonyesho ya wakulima na maduka madogo ya kupanga. Pili, wapenzi wawe wanachama wa kutoa ada kidogo kila mwezi, timu ikishinda au ikishindwa, kama wakulima watoavyo katika chama cha ushirika. Tatu, hesabu zisomwe mbele ya watu, kwa maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu wa Nyanchwa atatoa shilingi yake kwa moyo mweupe ikiwa ataonyeshwa ilikokwenda. Asipoonyeshwa, atabaki kushangilia tu, na makelele hayalipi mshahara wa mchezaji.