Ukuta wa Watu Wawili

Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja haziishi pekepeke. Aghalabu ukuta wa huyu ndio ukuta wa jirani yake, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na boriti za mikoko za pande mbili hulalia humo humo. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, kiasi cha mita 3; anayeutoboa ukuta huo huigusa nyumba asiyoimiliki.

Mwanamke mmoja, mrithi wa nyumba ya bibi yake, aliona ufa umeteremka kutoka darini baada ya jirani kuanza kuongeza ghorofa. Akaenda ofisini kuomba ramani. Alipokewa kwa adabu zote.

“Faili huonyeshwa mwenye nyumba, bi mkubwa. Lete hati.”

“Hati ina jina la marehemu, mwanangu.”

“Basi kwanza mirathi ithibitishwe.”

Akapita misimu miwili ya mvua akithibitisha mirathi, ili aruhusiwe kusoma karatasi ambayo ingemwambia kama mirathi yenyewe itabaki imesimama. Faili lilipofunguliwa lilikuwa na karatasi tatu tu. Mojawapo ilikuwa kibali cha kuziba mlango katika ukuta ule ule, na ufa ulifuata ukingo wa mlango huo hatua kwa hatua. Aliunakili mchoro kwa penseli, akampelekea fundi wa jirani. Kazi ya ghorofa ikasimama siku ile ile.

Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, haikukosa mashahidi. Mnara wa taa uliokuwa mbele yake uliharibiwa na mizinga ya Waingereza mwaka 1896, kisha mnara wa saa ukajengwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Mabadiliko hayo yamo katika picha, hata mgeni huweza kuyafuata. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo iliporomoka likiwa katika matengenezo, wakafariki watu wawili. Haidaiwi hapa kwamba karatasi zingeliwaokoa. Lakini nyumba ya uchochoroni haikupigwa picha na wapiti njia wa baharini. Faili lake, likiwapo, ndilo shahidi wake wa pekee.

Hofu ya makarani si ya bure, na si haki kuwacheka. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na jina moja ndani ya faili laweza kuamsha kesi iliyolala miaka sitini. Ila unene wa ukuta si siri ya mtu. Vipimo, mchoro na tarehe ya kibali vingeweza kunakiliwa katika daftari la wazi juu ya meza, asome mrithi, mpangaji na fundi, majina yakabaki kabatini.