Huzuni Usiifungie Ndani

Njoro, Jumapili

Mpwa wangu,

Sote tu wazima; mahindi ya mama yako yamebeba vizuri na yule ndama amepona. Nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu huzipokei, na ukipokea unasema "niko sawa, mjomba", kisha unakata.

Nasikia harusi imevunjika. Nasikia pia hujatoa chozi, wala hujamtamkia mama yako neno, na mwezi ujao unapaa kwenda Doha kulinda geti. Vijana wenzako pale stendi wanakusifu: amejikaza kisabuni! Mimi sikusifu. Hata sabuni ngumu huisha, tena huisha bila kelele.

Picha zenu za uchumba mlipigia kwenye nyasi za kasri la Egerton, kule Ngata. Mwenye jumba, Bwana Maurice Egerton, alianza kulijenga 1938. Vita vikaingilia kati, likamalizika 1954. Wazee husimulia kwamba alimtaka bibi mmoja wa Ulaya, akamleta aone nyumba yake ya kwanza, naye akaidharau, akaiita kibanda cha kuku. Mzungu hakugomba, hakulia. Akajenga. Jumba likija kwisha, bibi kashaolewa kwingine. Hayo ya posa siwezi kuyaapia, lakini kwamba hakutaka mwanamke akanyage ardhi yake, hilo huku hakuna asiyelijua. Niliwahi kuingia na wageni wa kanisa. Vyumba zaidi ya 50, na ukumbi wa dansi wenye kinanda kikubwa cha mabomba. Wenzangu walishangaa ukubwa wake. Mimi nilikuwa najiuliza kinanda kile alikiweka acheze na nani. Alikufa 1958, hana mke wala mtoto.

Na usidhani alikuwa mchoyo. Shule ya kilimo aliyoianzisha 1939 kwa vijana wa Kizungu ndiyo leo chuo kikuu ulichosomea, wewe wa kwanza katika ukoo wetu. (Fahali aliyelipa karo ya muhula wa kwanza alitoka boma la nani, hilo tuliache.) Mkono wake ulitoa, moyo ndio uliofungwa.

Sikukatazi kujizuia. Hasira izuie, kwa nguvu zako zote. Januari 2008, baada ya uchaguzi, tuliona hapa kwetu ndimi zisizozuilika zilivyochoma nyumba za majirani. Lakini ukizuia hasira umemwokoa mwenzako. Ukizuia huzuni unamwokoa nani? Mama yako halali. Ananiuliza mimi alichokukosea, nami sina jibu.

Sema, mwanangu. Baba yako hajaniletea blanketi yangu ya ujomba tangu amwoe dada yangu. Nilisema mbele ya wazee, nikasikika, nikarudi nyumbani nikala. Blanketi sikuipata, ila tunakaa meza moja Krismasi. Ningeyameza maneno yale, tungekuwa tunapishana njiani kama wageni.

Mengine ni machache. Msichana usimseme vibaya, hata kwa rafiki. Habari ya mahari tuachie wazee. Mkataba wa kazi usome wote kabla ya kutia sahihi, na nakala ya pasipoti mwachie mama. Mshahara wa kwanza usiishie kwenye simu mpya. Na ukifika huko, usijibu watu kwa maneno mawili kama unavyonijibu mimi. Ugenini mtu asiyesema taabu yake hakuna wa kuijua.

Kabla hujapanda ndege, uje ulale hapa usiku mmoja. Nauli nitakutumia kwa M-Pesa. Mama yako atauliza. Mjibu, hata kama jibu lenyewe ni kulia. Mimi nitatoka nikaangalie ng'ombe, na nitakawia huko.

Ni mimi,
Mjomba wako