Chakula kipya katika siku za Noeli na Bonane

Kila mwaka, mwezi wa kumi na mbili ukifika, katika mji wetu wa Bukavu maneno ya chakula yanaanza. Mvua inanyesha toka mwezi wa tisa, njia za Kadutu zimejaa matope, lakini wamama wanapanda na kushuka na vikapu vyao. Mtu akikutana na mwenzake sokoni anamuuliza: "Mwaka huu mutakula nini?" Si swali la bure. Noeli na Bonane ndizo siku ambazo wenye kuwa mbali wanarudi, wenye walikosana wanakaa fasi moja, na watoto wanavaa nguo mpya. Chakula cha siku hizo kinabeba jina la nyumba.

Sisi tunaoandika kurasa hizi ni watu wa nyumba moja: kaka, dada, wake za ndugu na watoto wakubwa, wote wajukuu au vijukuu vya koko mmoja ambaye angali hai. Miaka kadhaa sasa, kila mwisho wa mwaka, tunajaribu kupika chakula ambacho hatujawahi kukipika nyumbani. Wengine wanatusifu, wengine wananung'unika. Wanasema tunapoteza mila, na wanatukumbusha methali: "Mwacha mila ni mtumwa." Tumefikiri kwamba neno hilo linastahili jibu, na jibu lenyewe tumelipata ndani ya nyungu, siyo ndani ya vitabu tu.

Tuanze na kuangalia sahani yenyewe. Mtu wa Bukavu akisema "chakula chetu cha asili", anataka kusema bugali ya muhogo, sombe, maharagi, sambaza, na pilipili pembeni. Lakini muhogo ulitoka Brazili. Wareno ndio waliuleta kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16, na majani yake, yaani sombe, yakaja pamoja nao. Mahindi yalitoka Amerika. Maharagi, vilevile. Viazi vya kizungu, vilevile. Tomati na pilipili, vilevile. Ndizi, ambayo pasipo yenyewe hakuna kasiksi, ilitoka Asia zamani sana. Katika sahani hiyo, mafuta ya mawese ndiyo ya Afrika tangu mwanzo.

Na sambaza? Hapa vijana wanashangaa. Samaki huyo hakuwa ndani ya ziwa Kivu. Ni kati ya mwaka 1958 na 1960 alipochukuliwa kutoka ziwa Tanganyika na kutiwa ndani ya Kivu, kusudi watu wapate samaki katika ziwa ambalo halikuwa na samaki wengi katika maji yake ya wazi. Koko wetu alikuwa tayari mama wa watoto wakati huo. Anasema kwamba mwanzoni watu wengine waliwaangalia wale samaki wadogo na kucheka: "Hawa ni wa kulisha kuku." Leo, nani anaweza kupokea mgeni hapa Bukavu bila kufikiri sambaza? Kile kilichochekwa na wazee kimekuwa mila ya wajukuu. Basi mila si jiwe. Ni shamba: ukiliacha bila mbegu mpya linachoka, na ukitupa mbegu zote za zamani unabaki na njaa.

Hata hivyo, wanaonung'unika wana haki upande mmoja. Mwaka fulani tulialikwa katika nyumba moja ya ukoo wetu siku ya Bonane. Vijana wa pale walikuwa wamepika kila kitu kwa kufuata telefone: saladi yenye mayoneze, kuku wa kuoka na asali, mchele wa rangi tatu. Meza ilikuwa inapendeza kweli. Lakini hakukuwa na bugali, hakukuwa na mboga yoyote ambayo mzee wa nyumba anaijua. Maji ya kunawa hayajapita bado, mzee akasema kwa upole: "Mimi nimeshiba." Kila mtu aliyelelewa vizuri anajua maana ya neno hilo. Mzee akishiba mbele ya kula, maana yake hana fasi kwenye meza. Sikukuu ile ilipoa palepale, ijapokuwa muziki uliendelea.

Toka siku ile tulijiwekea kanuni ndogo katika nyumba yetu. Chakula kipya kimoja kwa kila sikukuu, siyo vitano. Chakula cha zamani hakiondolewi mezani kusudi kipya kipate fasi. Kipya kinakaa pembeni yake kama mgeni. Na kipya kinapashwa kutoka, kwa sehemu kubwa, katika vitu vyenye soko letu linatoa. Kanuni ya tatu ilitusaidia sana kuliko tulivyofikiri.

Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipopandisha bei ya unga wa ngano karibu dunia nzima, watoto waliona kwamba keki ya Noeli itakosekana. Tulijaribu kuchanganya: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha unga wa muhogo uliochungwa vizuri, ndizi mbivu nne zilizopondwa, mayai matatu, nusu kikombe cha sukari, nusu kikombe cha mafuta, na kijiko cha levire ya keki. Umeme ulikuwa umekatika, basi tulioka juu ya mbabula: unatia mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, unene wa vidole viwili, unaweka sufuria ndogo yenye keki juu ya mchanga, unafunika, na unapanga makala machache juu ya kifuniko. Moto wa chini uwe mdogo. Karibu saa moja imeiva. Ndizi ndiyo inaipa unyevu, kwa maana unga wa muhogo pekee unakauka na kuvunjika. Sasa keki hiyo ina jina katika nyumba yetu, na watoto wadogo hawajui kwamba ilizaliwa katika shida.

Tena tulijaribu kufanya buleti za sambaza: sambaza mkavu anakaangwa kidogo bila mafuta, anatwangwa, anachanganywa na viazi vilivyochemshwa na kupondwa, kitunguu, majani ya seleri na yai moja, kisha unaviringa na kukaanga. Kilo moja ya viazi na kikombe kimoja cha sambaza aliyetwangwa vinalisha watu wengi. Mwaka 2025, vita ilipofika Goma mwisho wa mwezi wa kwanza na Bukavu katikati ya mwezi wa pili, benki zikafungwa na mifuko ikabaki mitupu. Wenye walikuwa wanakula nyama siku za furaha walijifunza kuhesabu. Ndipo buleti zile zikawa chakula cha kushukuru, na hakuna aliyeuliza tena kama ni za mila ama si za mila. Wakubwa wetu wanakumbuka Noeli ya 1996, wakati wa vita ya kwanza: maharagi na ndizi, basi. Kila shida inaacha chakula chake nyuma yake.

Lakini kuna kitu ambacho kanuni yetu haikubali kujaribu. Binti mmoja wa nyumba alituletea siku moja wazo la kusaga majani ya muhogo ndani ya mashine na kuyapika dakika ishirini tu, kusudi makala yasiishe. Koko alikataa kabisa. Hakuweza kueleza kwa maneno ya shule, alisema tu: "Sombe haina haraka." Ukweli ni kwamba muhogo una sumu ndani yake, katika majani na katika mizizi. Kutwanga kunaifungua, na kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika sana kunaitoa. Kwa mizizi ya muhogo mchungu, ni kuloweka ndani ya maji siku tatu ama ine, kisha kuanika. Katika nchi yetu hii, kule Kwango, daktari Trolli aliandika mwaka 1938 juu ya ugonjwa wenye watu wa kule wanaita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mtu anaamka asubuhi na miguu imekauka, na haiponi tena. Nyuma yake wachunguzi walikuta kwamba ulikuwa unapata hasa watu ambao walikuwa wanakula muhogo mchungu bila kuulowesha siku za kutosha, na ambao hawakuwa na nyama wala samaki wa kutosha pembeni. Kwa hiyo, tunapobadilisha chakula, tuulize kwanza: hatua hii wazee waliifanya kwa ajili ya ladha, ama kwa ajili ya uzima? Ile ya ladha tunaweza kuigusa. Ile ya uzima, tuiache vile ilivyo.

Dada yetu mmoja anaishi Brussels. Huko, mwezi wa kumi na mbili ni baridi kali, saa kumi na moja ya mangaribi giza limekwisha kuingia. Katika mtaa wa Matonge anapata sombe iliyogandishwa ndani ya mifuko, anapata hata samaki wa kukauka. Kila mwaka anatutumia namna mpya ya kupika. Yeye ndiye alitufundisha kupanga viazi vilivyokatwa nyembamba, kumwaga maziwa na kuweka juu fromaji ya Masisi kabla ya kuoka. Lakini mwaka mmoja, nyuma ya kutuma yake, aliandika: "Na miye munitumie kitu. Muulize koko bugali ya ulezi inafanywa namna gani. Huku unga wa ulezi upo, lakini mikono yangu haijui."

Tulitazamana. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyejua. Tulikuwa tunanunua ulezi Kadutu kwa ajili ya uji wa watoto wadogo, basi. Tulimuuliza koko, naye akacheka sana. Siku mbili mbele ya Noeli alikaa kwenye kiti kidogo karibu na mbabula, akatuamuru. Ulezi unapepetwa na kuoshwa mara nyingi, kwa maana una mchanga. Unaanikwa, unasagwa laini. Maji yachemke kwanza, unga uingie kidogo kidogo, usisonge kwa nguvu mpaka umeshika. Alikuwa anapima kwa kiganja chake. Mmoja wetu alikuwa anachukua kila kiganja na kukimwaga ndani ya kopo la Guigoz kusudi tujue hesabu, na anaandika ndani ya kaye. Bugali ilitoka ya rangi ya udongo mwekundu. Tuliiweka mezani pamoja na mashanza, yale maziwa ya kuganda ya Bushi, na sombe ya kila siku.

Watoto walifikiri ni chokola. Walionja, wakauliza kama koko ameipata kwenye telefone. Akawaambia: "Nyinyi munaita hii mupya? Miye nilikuwa naikula mbele babu yenu anioe." Mdogo kuliko wote aliomba mara mbili.

Hapo tulielewa jambo ambalo methali peke yake haikutuonyesha. Ulezi ni nafaka ya Afrika hii hii, ya nyanda za juu za mashariki. Ulikuwa unalimwa huku hata mbele ya muhogo na mahindi kufika. Maana yake, chakula kipya kuliko vyote kwenye meza yetu ya mwaka ule kilikuwa chakula cha zamani kuliko vyote. Kwa mtoto wa mjini, koko na telefone ni walimu wawili wa vitu asivyovijua. Tofauti ni moja tu: telefone itakuwapo kesho.

Ndiyo sababu tuliongeza kanuni ya ine. Kila mwisho wa mwaka, pembeni ya chakula kipya kutoka inje, tunatafuta kimoja ambacho kilisahauliwa, na mzee mmoja anakifundisha kwa mikono yake, siyo kwa kinywa tu. Wanaume nao wanaingia jikoni. Kinu hakiulizi kama unavaa suruali. Kipimo kinaandikwa ndani ya kaye, kwa makopo na kwa masaa, kwa maana "kidogo" ya koko si "kidogo" ya mtu mwingine. Koko sasa hawezi tena kusonga mwenyewe, mikono yake imechoka. Anaonja na kusema "ongeza" ama "acha". Kuna vyakula vinne ambavyo ametutajia majina na ambavyo bado hatujavipika naye. Tunahesabu miezi ya kumi na mbili iliyobaki, na hatujui hesabu yake.

Ndugu msomaji, katika nyumba yako pia kuna mtu wa namna hiyo. Bonane ikikaribia, wacha watoto wajaribu saladi yao na keki yao, usiwakatalie. Labda moja kati yake itakuwa sambaza ya kesho. Lakini mbele ya kwenda sokoni, pita kwanza kwa mzee wa nyumba, umuulize: "Mulikuwa munakula nini mbele sisi tuzaliwe?" Kisha umpe kiti karibu na moto, na uchukue kalamu.