Safari ya Kabuku na Sauti Iliyopotea

Wengi wetu tunaifahamu Kabuku kwa kuiona kupitia dirisha la basi. Ukitoka Chalinze unaipita baada ya Mkata, na ukitoka Segera unaipita baada ya Michungwani. Unaona mkonge uliopandwa kwa mistari hadi macho yanachoka, vijana wanakimbilia basi na machungwa, halafu basi linaondoka. Sisi nasi tuliipita hivyo kwa miaka mingi, hadi Julai 2023, tulipoifanya kuwa mwisho wa safari.

Tulikuwa akina mama sita wa kwaya, kutoka Korogwe, ndani ya Noah ya kukodi. Tulikuwa tunakwenda kumwona mama mzazi wa mwimbaji mwenzetu, aliyefariki mwaka uliotangulia. Bibi huyu alikuwa hajapata kuusikia wimbo ambao binti yake aliuongoza studio. Nyumbani kwake hapakuwa na chombo cha kuupigia, na masikio yake yamekuwa mazito, hivyo kispika cha simu kisingemfaa. Tukakubaliana kwamba tutaufungua wimbo kwenye redio ya gari, milango ikiwa wazi, naye aketi karibu. Jambo rahisi, tulidhani.

Shida ilianza hata kabla ya kutoka mjini. Dereva wetu, kijana mpole, alikuwa na kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kinachochukua wimbo kutoka kwenye simu na kuurusha kwa mawimbi ya FM hadi kwenye redio. Alikiweka kwenye 98, lakini redio haikwenda huko kabisa. Kumbe magari mengi tunayoyanunua yakiwa yametumika Japani yana redio za kwao, na nyingi kati ya hizo huanzia 76 na kuishia 90, wakati vituo vyetu viko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana mama ananunua gari zuri halafu analalamika kwamba redio yake haishiki kitu! Kifaa cha namna ile nacho kwa kawaida huanzia 87.5, kwa hiyo pana nafasi nyembamba tu ambapo vinakutana. Tulikiweka kwenye 88 na kitu, tukasikia vizuri.

Tulipokaribia Segera, mtangazaji wa mpira aliingia katikati ya pambio. Kifaa kile kina nguvu ndogo mno, na kituo chenye mtambo mkubwa kikipatikana hapo hapo kinakifunika. Kila mji una vituo vyake, basi msafiri hulazimika kuhama kila mara. Tukakichomoa, tukatumia waya, upande mmoja kwenye simu na mwingine kwenye tundu la redio lililoandikwa AUX.

Pale Segera tuliiacha njia ya Muheza na Tanga, tukashika ile ya Chalinze. Sasa mpira haukuwepo, lakini ulikuja mlio mwembamba kama wa mbu, uliopanda kila dereva alipokanyaga mafuta na kushuka alipoachia. Mama mmoja akasema spika zimekufa. Sisi wauguzi tumefundishwa kumuuliza mgonjwa kwanza: ilianza lini, na kabla ya hapo ulifanya nini? Ulianza tulipoichomeka simu kwenye chaji. Simu ikichajiwa na gari huku imeungwa kwa waya kwenye redio ya gari hilo hilo, umeme hupata njia mbili za kurudi, na kelele za oltaneta hupenya kwenye muziki. Tuliitoa chaji, mbu akanyamaza. Anayelazimika kuchaji njiani anaweza kununua kichujio kidogo kinachoungwa katikati ya waya.

Kabuku tuliingia mchana. Huku ni Uzigua, lakini ukiketi sokoni utasikia lafudhi za kila pembe. Mkonge ndio uliowaleta. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga mwaka 1893, miche michache ikapona safarini, 62 tu, na kutoka hiyo mashamba yakatapakaa. Wakata mkonge walioandikishwa kutoka mbali, wale walioitwa manamba, wengine hawakurudi kwao. Baba wa marehemu alikuwa mmoja wao.

Bibi alitupokea kwa kutushika mikono mmoja mmoja. Tulikula, tulilia kidogo, tukamtolea kigoda chini ya mwembe, gari likasogezwa. Wajukuu wakakusanyika.

Wimbo ukaanza. Kinanda kilisikika, gitaa likasikika, waitikiaji wakasikika kwa mbali kama walio kisimani. Beti la kwanza likapita. Binti hakuwemo.

Bibi akainamisha kichwa, akasikiliza sana, kisha akauliza: "Mwanangu yuko wapi humo?"

Tulishikwa na haya. Dereva akaongeza sauti, wimbo ukaanza kukwaruza na bado hakuwemo. Mwingine akashika vitufe vya redio, mwingine akataka wimbo ufutwe na kutafutwa upya. Tukawaomba waache. Wodini hatubadilishi dawa tatu kwa mara moja, maana mgonjwa akipona hutajua ipi ilimponya. Kwanza tuliuchomoa waya, tukausikiliza wimbo kwenye simu yenyewe. Binti alikuwemo. Basi rekodi ni nzima. Tukaujaribu waya kwenye simu ya dereva, sauti zote zikatoka. Waya nao mzima, redio nzima. Imebaki simu yetu, na simu yetu ilikuwa imevaa kava nene la kuzuia kuvunjika.

Kava lile ndilo lililozuia pini isizame hadi mwisho. Pini ya waya ina sehemu zake: ncha ni ya spika ya kushoto, pete ni ya kulia, na shina ni la pande zote mbili. Shina lisipogusa vizuri, spika zinabaki kutoa kile tu ambacho kushoto na kulia vinatofautiana. Na studio nyingi humweka mwimbaji kiongozi katikati, sawasawa pande zote. Yeye ndiye anayefutika.

Tukavua kava, tukasukuma pini mpaka tukasikia "tik". Simu tukaiacha chini kidogo ya mwisho wa sauti yake, ili isikwaruze, tukaongezea kwenye redio. Besi tulizipunguza, kwa kuwa mzee hupoteza kwanza sauti nyembamba, na besi zikizidi humfunika maneno. Watoto tukawasogeza mbali na spika.

Safari hii alianza yeye peke yake, kabla ya kinanda. Bibi hakulia. Aliweka kiganja kwenye mlango wa gari, pale spika inapotetemeka, akakiacha hapo hadi mwisho wa wimbo.

"Rudisha mwanzo, mwanangu," akamwambia dereva.

Dereva akawasha injini ili betri isiishe, akarudisha mwanzo.