Salamu Kutoka Juu ya Kenta

Mpenzi msomaji,

 Huku Dodoma sisi tu wazima wa afya. Gari ndilo mgonjwa, na habari zake ni ndefu, kwa hiyo bandika chai kwanza ndipo uendelee.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa amedunduliza hela za alizeti, akaongezea na mkopo wa kazini, akasema safari hii lazima anunue gari. Dada akatoa sharti moja: niende naye Dar. Shemeji ni mtu wa huruma, na mtu wa huruma hawezi kuona dalali anarudi kwake mikono mitupu. Basi tukapanda treni ya umeme, daraja la kawaida, 31,000 kila mtu. Baridi ya mle ndani si ya mchezo! Mama wa kiti cha mbele alijitanda khanga mbili hadi Morogoro, akanipa ya tatu bila kuombwa. Nimesahau kumrudishia, na kama anasoma hapa, ile yenye korosho za zambarau ninayo mimi.

Dar ikatupokea kwa jua lake la kunata. Kabla ya lolote tukala: supu ya ng'ombe yenye ndimu na pilipili kichaa, chapati mbili mbili, vyote 9,000 kwa watu wawili. Shemeji aliongeza bakuli jingine. Mtu akienda kutoa milioni kadhaa, alisema, aende ameshiba.

Yadi yenyewe sitaitaja, wala barabara iliyopo. Magari yamepangwa mistari, na kijana mwenye ndoo na kitambaa anayafuta tangu alfajiri mpaka jioni, akimaliza anaanza upya. Tairi zimepakwa dawa nyeusi zinameta. Mimi tairi ya kumeta huwa inanitia wasiwasi, lakini nani aliniuliza? Dalali alitudaka getini kabla hatujasalimia mlinzi.

"Bosi karibu! Mama karibu! Bosi, wewe nakuona ni mtu wa gari ndogo, haili mafuta. Njoo huku."

Akatupeleka kwenye kigari cha rangi ya fedha. Hakijakanyaga lami ya Tanzania, akasema, kimeshuka melini juzi tu. Mwenyewe alikuwa bibi mmoja wa Kijapani, alikuwa anakiendea sokoni basi. Nikauliza la pembeni yake, jeupe. Nalo la bibi wa sokoni. Na lile la bluu? Bibi. Wanaume wa Kijapani sijui husafiri na nini.

Shemeji akaingia, akawasha. Sauti nyororo ya mwanamke ikatusemesha Kijapani kutoka mahali fulani chini ya usukani. Dalali akatafsiri papo hapo: "Anawakaribisha." Nilikuja kuelezwa baadaye kwamba ni mashine ya kulipia barabara za huko kwao, na dada wa watu anadai kadi yake kila injini ikiwashwa. Redio nayo haijui kama imehama. FM za Japani huanzia 76, na hii ilikuwa inaishia 90, kwa hiyo stesheni zetu nyingi zilibaki ng'ambo ya mwisho wa namba. Tulipata moja tu, ya mawaidha, na yenyewe kwa kukoroma. Chini ya zulia la miguuni nikaokota sarafu ya yen 5, ya manjano, ina tundu katikati. Shemeji akaitazama kwa furaha kubwa, akaivika kwenye kifungo cha funguo. Hapo nikajua tumeshanunua.

Dada, ukifika hapa ruka aya hii. Fundi wa kulikagua gari aliletwa na dalali. Ndiyo, msomaji, cheka tu. Alifungua boneti, akainama, akasikiliza, akafunga. "Mashine kavu hii," akasema, akapokea 30,000. Tukazunguka mtaa mara moja, AC inapuliza, kilomita zinasoma 68,000 na ushei. Wao walianzia milioni 14 na nusu, shemeji akaanzia 12, wakakutana 13 na laki mbili, wote wakiguna kwamba wameumia. Bima ndogo 118,000. Namba ilikuwa imeshatoka, ya E, na shemeji alipiga picha ya ile namba kabla ya kupiga ya gari.

Tukaondoka jua limepungua kidogo. Foleni ya Kimara hadi Kibaha tuliivumilia vizuri, kila mtu akilisifu gari kwa zamu. Karibu na mizani ya Vigwaza, pale malori yanapojipanga, tulinunua mayai ya kuchemsha yenye kachumbari ndani, 500 moja. Muuzaji anapasua yai kwa uzi. Anauzungusha, anavuta, yai linafunguka pande mbili sawasawa, halafu kachumbari inaingia kwa kidole gumba. Chalinze tukachukua nanasi la Kiwangwa, limeshamenywa, 2,500, likatuchuruzikia mpaka viwikoni na kwenye viti vya bibi. Trafiki wakatusimamisha tukadhani ni tochi, kumbe afande alitaka kuuliza tumenunua shilingi ngapi, naye anatafuta.

Dada alikuwa anapiga simu kila baada ya mji. "Mmefika wapi?" "Tupo njiani," shemeji anajibu. Hilo jibu lilikuwa kweli muda wote wa safari, na limemsaidia sana.

Mikese tukaanza kusikia harufu. Harufu tamu, kama uji uliosahauliwa mekoni ukaungulia na sukari yake. Nikadhani ni nanasi. Shemeji akadhani ni lori lililo mbele yetu, akalipita, harufu ikaja nasi. Kigari hiki hakina mshale wa joto. Kina kitaa cha bluu kikiwa baridi na chekundu kikichemka, na chekundu kikawaka tunaingia Msamvu.

Kwa hiyo tukalala Morogoro, mji kasoro bahari, na sijutii hata kidogo. Chumba 30,000 na feni inayozunguka kweli. Kuku wa kuchoma na ndizi za kukaanga, pilipili ya kusaga pembeni, 9,000 sahani. Asubuhi Uluguru imejifunga mawingu kiunoni, na kina mama wanapanga ndizi, maparachichi na machungwa kandokando ya njia. Kijana wa sheli akatuongezea maji kwenye rejeta, akasema ni kawaida, gari lilikuwa halijayazoea maji ya huku. Akapewa 5,000 kwa maelezo hayo.

Dakawa salama. Dumila tulisimama kwa mahindi ya kuchoma na ndoo ndogo ya nyanya ambazo dada alikuwa ameziagiza. Baada ya hapo barabara ikaanza kupanda kuelekea Gairo, na kigari kikakataa. Mvuke ulitoka chini ya boneti kwa kishindo, tukaruka nje kila mtu na mlango wake. Mimi niliokoa nyanya. Yule dada wa Kijapani alikuwa bado anaomba kadi.

Msomaji, sijui watoto wa ile milima wanaambiwa na nani. Kabla mvuke haujatulia alishafika mvulana na dumu la maji. Dumu la kwanza 500. La pili 1,000, maana kisima ni mbali. La tatu 2,000, nikamuuliza kisima kimesogea? Akacheka mpaka akaketi, akatupa la nne bure. Dereva wa lori la mbao ndiye aliyempigia simu fundi wa Gairo, na fundi akaja juu ya bodaboda amekumbatia sanduku la vifaa, mtu mfupi, mpole, ana kofia ya sufu.

Huyu sasa ndiye fundi. Hakufungua chochote kwanza. Aliomba shemeji aweke swichi bila kupiga stata, akasogeza uso kwenye dashibodi. Taa zikawaka: betri, oili, mkanda, breki. "Ya injini iko wapi?" akauliza. Haikuwepo. Akachokonoa kioo cha dashibodi kwa bisibisi taratibu, kikatoka, na nyuma yake tukakiona: kipande cha utepe mweusi kimebandikwa juu ya kile kitaa. Kimekatwa kwa wembe, pembe nne sawia, hakuna hata uzi uliochomoza. Alipokibandua tu, kitaa cha njano kikatutazama.

Akahamia kwenye rejeta. Alikwangua sehemu ya juu kwa ukucha, rangi nyeusi ikatoka, chini yake gundi ngumu ya kijivu, urefu wa kiganja, imejaza ufa. "Wameziba, wakapuliza rangi." Feni haizunguki. Kifuniko cha oili kwa ndani kimekuwa cheupe. Maji yamepita kwenye gasketi yakaingia kwenye oili, na kwa kuchemka kule silinda hedi imeshapinda. Aliyasema yote haya kwa sauti ya chini, anamtazama shemeji kwa pembe ya jicho, namna watu wanavyopeleka habari ya msiba.

Alipokuwa anafunga mlango wa dereva akasita. Kwenye ukingo wa mlango, karibu na bawaba, kulikuwa na karatasi ndogo ya kubandika, imechakaa, maandishi ya Kijapani. Akaifuta kwa kitambaa. Herufi hatukuzijua, lakini tarakimu ni tarakimu. Kwa kalamu ya bluu mtu alikuwa ameandika tarehe inayoanza na 29, na mbele yake 141,380. "Hizi huwa wanabandika wakimwaga oili," fundi akasema. Hiyo 29 inahesabiwa kwa enzi ya mfalme wao, kwetu ni 2017. Yaani gari lilishapita kilomita 141,000 miaka hiyo, halafu likafika Dar lina 68,000. Mimi nililowaza ni hili: aliyebandika utepe na kupaka rangi alificha kila kitu alichoweza kukisoma, na karatasi ile ilipona kwa sababu naye Kijapani kilimpita.

Shemeji alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema, "Kumbe bibi alikuwa na masoko ya mbali."

Hedi lazima ichongwe, na mashine ya kuchonga iko Dodoma, basi tukalala Gairo. Gairo usiku ni baridi mno kwa watu waliotoka Dar na nguo za Dar, ila mama wa pale tulipofikia alitupikia ugali, mbuzi wa rosti na maharage, 6,000, akakaa nasi mezani kutuhesabia magari yote aliyoyaona yakifa mlima ule. Orodha yake ilitufariji sana.

Kulipokucha fundi akatutafutia kenta iliyokuwa inarudi tupu Dodoma. Dereva alitaka laki mbili na nusu, tukashuka hadi 180,000. Kulipandisha gari ni hivi: kenta inarudishwa kinyumenyume kwenye tuta la udongo, mbao mbili zinalazwa, wanaume wote wa Gairo wanasukuma, na kila mmoja anatoa amri yake. Mbele ya kenta kulikuwa na nafasi ya mtu mmoja tu, na tayari alikaa shangazi yake dereva. Basi mimi na shemeji tukasafiri ndani ya kigari chetu, juu ya kenta, mkanda tumefunga.

Nakuhakikishia hakuna namna bora ya kuiona nchi ile. Unaona ndani ya nyua za watu, unaona mibuyu, na Kibaigwa unayatazama magunia ya mahindi kutoka juu. Watoto walitupungia mikono, shemeji akawapungia kwa heshima zote. Afande mmoja akasimamisha kenta, akakagua, akainua macho. "Na hilo la juu, dereva ni nani?" Shemeji akashusha kioo, akasalimia, akatoa leseni na karatasi ya bima. Afande alizisoma zote mbili, akatoa saluti, akageuka kando mabega yanamtikisika.

Dada alikuwa mlangoni. Alitutazama tukishushwa, akapokea nyanya, akazihesabu.

Dalali hapatikani kwenye simu. Mwenye yadi alipokea mara moja, mpole kabisa. "Mzee, gari ni chombo cha moto," akasema, na risiti imeandikwa wazi kwamba likishatoka halirudishwi. Shemeji akamtumia picha ya ule utepe, ya gundi na ya ile karatasi. Kimya cha nusu saa, halafu akapiga yeye mwenyewe: atatoa rejeta, ila tulirudishe gari Dar wakalione. Mazungumzo yanaendelea. Dada ndiye anayeongea sasa, na nasikia mwenye yadi ameanza kumwita mama.

Hedi iko kwa mchongaji, 120,000. Gasketi imetumwa kwa basi. Bado rejeta, na fundi wa hapa anasema tusimngojee yule bwana, tuitafute Gerezani, kule Dar. Kwa hiyo, ukipita huko wiki hii, tuulizie ya kigari kidogo cha Kijapani, mtumba safi, isiyopakwa rangi. Wakikutajia laki mbili na nusu, jikune kichwa uondoke polepole, watakuita. Nauli ya mwendokasi na soda juu yetu.

Wako,
mimi na shemeji